Karibuni Nyote Mnaonisikia

Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Tovo alikuwa amekwenda Moramanga kumchukua baba yake.

Baba mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini. Mzee Ratsimba alifia huko, kwenye kiwanda cha mbao alikofanya kazi, na kwa kuwa mwaka ule mvua ilikuwa imekata barabara, wakamzika huko huko kwa muda. Kwetu milimani mtu hazikwi ugenini akaachwa. Siku yake ikifika anafukuliwa, mifupa inavikwa sanda mpya ya hariri, anarudishwa kwenye kaburi la ukoo, na watu wanacheza naye na kula wali wa nyama nono mpaka wachoke. Walioishi nyumba moja walale kaburi moja, ndivyo tunavyosema. Mjane wake, Bi Harisoa, mama yake Tovo, alikuwa na miaka sabini na minne na kifua kibovu, na alikuwa amebakiwa na ombi moja duniani: mumewe arudi kijijini kwetu Ambohitsoa kabla yeye hajafa, ili walale pamoja.

Ombi dogo kama hilo, na Mungu akampa Tovo ndiye wa kulitimiza.

Sijui niseme nini juu ya Tovo ambacho yeye mwenyewe hajakisema. Alikuwa na miaka arobaini, anakaa Antananarivo, na kila akija kijijini alikuwa anabinua mdomo kuanzia njia panda. Mchele wetu una mawe. Vyoo vyetu vinanuka. Baba yake mdogo, Mzee Ralaivao, mlinzi wa kaburi la ukoo, alikuwa anamwita "yule mwenye kofia". Kitu kimoja tu cha ukoo alikiheshimu, nacho ni Pijo 404 nyeupe ya marehemu baba yake, na aliiheshimu kwa sababu alikuwa anaikodisha kwa maharusi.

Gari lile lilikuwa na redio yake ya asili. Ya masafa ya kati, vifundo viwili, kioo chenye namba za manjano na mshale mwekundu. Hakuna tundu la kuchomeka kitu chochote. Maharusi wa mjini wanataka miziki yao, na Tovo hakutaka kung'oa redio, maana hiyo ndiyo iliyokuwa inapigwa picha. Basi akaenda kwa fundi redio wa Analakely, akatengenezewa kidude cha kurusha matangazo, kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Unakiweka ndani ya dashibodi, unakiunganisha na simu, unasogeza mshale mpaka mahali pasipo na stesheni, na ile redio ya kizee inaupokea muziki wako ikidhani ni matangazo ya kweli.

"Ila kinafika nje ya gari kidogo," fundi alimwambia. "Usiseme humo kitu usichotaka kisikiwe."

"Nani anasikiliza masafa ya kati siku hizi?" Tovo akamjibu. "Labda wazee na wafu."

Muziki peke yake haukumtosha. Alijirekodi sauti, nzito, ya kujidai, akaiweka katikati ya nyimbo: "Hii ni Redio Tovo. Karibuni nyote mnaonisikia, popote mlipo. Ingieni, jinafasini, nafasi ipo, safari ni moja." Maharusi walikuwa wanacheka sana. Na yeye kila akiisikia alikuwa anatabasamu peke yake, mtu mzima.

Saa kumi na nusu jioni wakatoka Moramanga. Tovo kwenye usukani. Mzee Ralaivao pembeni yake, kofia kichwani, chupa ya ramu kati ya magoti. Nyuma alikaa Bi Harisoa, na juu ya kiti, kichwa kikiwa mapajani mwake, mzigo wa Mzee Ratsimba. Mtu mzima akishakuwa mifupa hazidi mtoto wa miaka mitatu. Bi Harisoa alikuwa ameweka mkono juu ya hariri, anamsimulia njia kwa sauti ya chini.

"Tumepita soko, Ratsimba. Sasa tumeshika barabara kuu. Kuna baridi, nimekufunika vizuri."

Ndiyo desturi. Mfu anayesafiri ni mgeni wa barabara. Mwili uko garini lakini mwenyewe anafuata nyuma, kwa kusikia. Anayempenda anamwambia njia, na kwenye kila mto gari linasimama, kelele zinazimwa, anaitwa kwa jina mara tatu. Maji yanampoteza mfu. Asipoitwa, anabaki ng'ambo.

Tovo aliwasha redio.

"Tovo," alisema Mzee Ralaivao.

"Naam, baba mdogo."

"Zima hiyo, mama yako anazungumza na baba yako."

"Azungumze. Si amezoea kuzungumza peke yake? Baba hata alipokuwa hai hakuwa anajibu." Akapandisha sauti kidogo, akapiga vidole kwenye usukani.

Baada ya kilomita ishirini hivi wakalikaribia daraja la Mangoro. Mto mpana, rangi ya udongo, na jua lilikuwa limeshateremka nyuma ya kilima. Mzee Ralaivao akaanza kufungua kizibo cha chupa.

"Simama kabla ya daraja. Na uzime."

"Kuna malori nyuma yangu."

"Yatapita. Baba yako alikuwa anazima redio kila daraja, hata akiwa peke yake. Hili hasa. Hapo chini ndipo walipotupwa wachawi zamani, vichwa vimeelekezwa kusini, wale walionyimwa makaburi. Hawana ukoo, hawana mlango. Wapo tu. Wanangoja mtu mmoja awaambie karibu."

Tovo akasonya. Msonyo mrefu, wa mtu aliyesoma.

"Basi na wangoje," alisema. "Baba mdogo, nikwambie kitu? Mfu hana masikio. Ukimfukua unaona mwenyewe, hayapo. Nyinyi mnapoteza ramu nzuri kwenye maji halafu mnalalamika umaskini."

"Mwanangu," Bi Harisoa akaita kutoka nyuma. Alikuwa haombi vitu mara nyingi. "Dakika moja tu. Sauti yangu ni ndogo, hatanisikia."

Nalisema hili waziwazi ili lijulikane: Tovo alimsikia. Hakusahau, hakuchanganyikiwa, malori hayakuwa karibu hivyo. Alimtazama mama yake kwenye kioo, akaona shali lake la kijijini na meno yaliyobaki matatu, na akaona aibu kuwa ni wake. Akakanyaga mafuta na kuongeza sauti ya redio.

Wakaingia darajani.

"Ratsimba, tunavuka," Bi Harisoa akaita. Gitaa likamfunika.

"Ratsimba, tunavuka, usibaki." Ngoma zikamfunika.

Akavuta pumzi aite mara ya tatu, na kifua chake kibovu kikamkatalia, akaanza kukohoa. Wakati huo huo, katikati kabisa ya daraja, wimbo ukaisha. Kukawa kimya kidogo...

"Hii ni Redio Tovo. Karibuni nyote mnaonisikia, popote mlipo. Ingieni, jinafasini, nafasi ipo, safari ni moja."

Redio ikalia ka!

Springi za nyuma zikashuka.

Hazikugonga shimo. Zilishuka polepole, upande wa kulia, halafu wa kushoto, kama watu wazima wanavyoingia garini mmoja mmoja. Pua ya Pijo ikainuka kidogo. Kisha ikaja harufu, ya tope la chini kabisa ya mto, lile ambalo halijawahi kuona jua. Vioo vya nyuma vikafanya ukungu kwa ndani.

Mzee Ralaivao aligeuka kuangalia nyuma. Akaangalia mara moja tu. Akarudisha uso mbele, akaivua kofia yake na kuishika kifuani, na mpaka wanafika Ambohitsoa hakugeuka tena.

Tovo akaona mama yake ameondoa mkono kwenye mzigo. Alikuwa ameukunja kifuani, na amejibana kwenye mlango kama mtu aliyeambiwa sogea.

"Tovo," alinong'ona. "Rudi."

"Tumeshavuka."

"Rudi, mwanangu. Baba yako amebaki."

"Na huyo mapajani nani?"

Bi Harisoa akazidi kujibana mlangoni. Alikuwa anatazama mbele, hataki hata macho yake yaende pembeni.

Walipoanza kupanda mlima, gari likakataa gia ya tatu. Gari lililokuwa linapanda mlima ule na watu watano wa harusi na ngoma zao. Tovo akalaumu mafuta ya Moramanga, kisha akalaumu fundi, kisha mama yake kwa kukohoa. Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye mikalitusi na giza lilikuwa linaingia. Muziki ulikuwa umejikata wenyewe. Simu inaonyesha wimbo unakwenda, lakini redioni mlikuwa na mkwaruzo tu.

Na ndani ya mkwaruzo, mbali... mluzi.

Milio miwili. Mmoja juu, mmoja chini.

Tovo aliujua. Hata mimi ningeujua, kila mtu wa Ambohitsoa aliujua. Ratsimba alikuwa na mguu mbaya, na wakitoka shambani wakimwacha nyuma alikuwa anapiga mluzi ule, maana yake nisubirini. Tovo akiwa mdogo alikuwa anauitikia, anakimbia kurudi kumshika mkono.

Juu, chini... Juu, chini...

Ulikuwa unafifia. Kila kona ya mlima unapungua, kama stesheni yoyote unapoiacha nyuma.

"Anatuita," alisema mama yake, na sasa alikuwa analia. "Yuko darajani anatuita. Geuza gari, Tovo. Nakuomba kwa ziwa nililokunyonyesha."

Mkono wa Tovo ulikwenda kwenye redio. Angeweza kugeuza, barabara ilikuwa tupu. Ila kugeuza kungekuwa kumwambia yule mwenye kofia kwamba alikuwa amesema kweli, na hilo Tovo asingeliweza hata kwa roho ya baba yake.

Akazungusha kifundo. Kikalia ka, na redio ikazimika.

"Mwingiliano wa mawimbi," alisema. "Ni sayansi, Mama. Hamtaelewa."

Walipofika mji wa Manjakandriana, Tovo akasimama kando ya barabara, kwa mwanamke anayeuza mahindi ya kuchemsha. Nadhani alitaka kuona uso wa mtu mwingine. Akashusha kioo, akanyoosha vidole vitatu. Mwanamke akainua taa yake, akachungulia ndani, akaanza kufunga mahindi kwenye majani. Akampa saba.

"Nimesema matatu."

"Na hao wa nyuma, kaka?" Mwanamke alisema kwa upole. "Wamelowa hivyo, na baridi hii. Wape nao wale."

Hakuna aliyekula. Mahindi yalikuwa bado mapajani mwa Tovo walipofika Ambohitsoa, yamepoa.

Kesho yake mchana ndiyo ilikuwa siku ya kucheza. Watu mia na kitu, filimbi, ngoma, jua zuri la Julai. Vijana sita wakambeba Mzee Ratsimba juu ya mabega wazunguke naye kaburi, na mwanzo walikuwa wanacheka. Kisha kicheko kikaisha. Mzigo uliobebwa jana na mwanamke wa miaka sabini na minne uliwalemea vijana sita mpaka magoti yakawapinda, na hariri mpya, iliyotoka dukani, ilikuwa inadondosha maji. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba alihisi vitu vinajipanga humo ndani, kama watu wanaobanana ili waenee.

Desturi ni mjane kucheza na mumewe kabla hajaingizwa. Wakamwita Bi Harisoa. Akaja mpaka mbele, ameketi wapi na amelala wapi usiku ule hakuna aliyejua. Akaulaza mkono juu ya hariri. Ukakaa hapo muda mrefu. Akautoa, akaufuta kwenye shali.

"Huyu si mume wangu," alisema. "Wala si mmoja."

Tovo akacheka, peke yake. "Mama amechoka. Ingizeni tu, watu wana njaa."

Mzee Ralaivao alisimama mlangoni pa kaburi, kofia mkononi. Yeye ndiye mlinzi, angeweza kukataa. Lakini mnajimu alikuwa amekwishaitaja saa ya kumwingiza, ng'ombe alikuwa amekwishachinjwa, watu walikuwa wametoka mbali, na kumfungia mfu nje mbele ya ukoo mzima si jambo la mdomo mwepesi. Akainamisha kichwa, akapisha.

Wakaingizwa. Waliokuwa hawana mlango wakapata mlango.

"Basi mimi msinizike humo," Bi Harisoa akasema.

Kwa wasiotujua labda ni maneno tu. Kwetu kuzikwa nje ya kaburi la ukoo ni adhabu ya wachawi. Mama mzima, mwenye wajukuu, kuomba adhabu hiyo mbele ya watu mia... wanawake walijifunika nyuso. Tovo akamshika mkono akamvuta pembeni, akamwambia kwa hasira ya chini chini aache kumwaibisha. Alikuwa bado anaiogopa aibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Bi Harisoa hakumaliza mwezi wa tisa. Wiki za mwisho alikuwa anakaa ndani ya ile Pijo, imeegeshwa uani, Tovo ameiacha kwa kuwa maharusi walikuwa wanalalamika kiti cha nyuma hakikauki. Alikuwa anawasha redio na kusogeza mshale pale pasipo na stesheni. Kutoka Ambohitsoa hapasikiki kitu, ni mbali mno. Alikuwa anajua, na bado alikuwa anasikiliza.

Aliyefanya alichoomba alikuwa Mzee Ralaivao. Tovo alikataa kwa ukali, akasema watu watamwitaje, mtoto wa mchawi? Lakini ukoo ulikuwa umeliona lile jiwe la mlango wa kaburi, kiangazi kizima mvua haikunyesha hata tone na lenyewe lilikuwa limelowa kutoka ndani, na hakuna aliyekubali kulifungua. Wakampeleka Bi Harisoa Mangoro. Wakamzika ukingoni, peke yake, palepale walipotupwa wale wengine. Na Tovo akasimama akaangalia mama yake anashushwa kama anavyoshushwa mchawi. Safari hii hakubinua mdomo. Nilimwangalia sana, nilitaka nimwone akijaribu.

Jioni wakati wa kurudi alisimamisha gari kabla ya daraja bila kuambiwa. Akawasha redio. Mkwaruzo, kisha ukaja mluzi, karibu kabisa, wazi kabisa. Juu, chini. Tovo akafungua mdomo aite. "Baba..."

Mluzi ukakatika. Sauti ndogo ya mwanamke ikajibu, yenye kikohozi, na haikuwa inamjibu yeye.

"Nimefika, Ratsimba. Sogea."

Kisha mkwaruzo. Aliendelea kuita mpaka giza, baba, mama, majina yao yote. Mdomo uliponza kichwa, na sasa mdomo ule ule ulikuwa hausikiki.

Kile kidude alikivunja kwa jiwe, palepale darajani, akakitupa mtoni. Gari aliliuza. Siku hizi haji sana kijijini, na akija anakaa kimya. Ametafuta hata makaburi ya kununua mjini, ya wasio na ukoo, lakini mke wake hataki kusikia. Mtu wa Ambohitsoa mahali pake panajulikana. Rafu ya tatu ndani ya kaburi la ukoo, upande wa mashariki, karibu na mlango. Ipo tayari tangu alipozaliwa.

Mzee Ralaivao bado ni mlinzi. Jioni anapitisha ng'ombe wake karibu na kaburi, na siku hizi anapitisha haraka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema si kila siku, ni siku zenye ukungu tu. Kutoka ndani, nyuma ya jiwe lililolowa, kunatoka sauti nzito, ya kujidai, na watu wengi wanacheka.

Karibuni nyote mnaonisikia... Ingieni... Nafasi ipo.